Ngoma za Wanawake wa Dar es Salaam na Siasa ya Uhuru

Msomaji wa historia ya chama cha TANU hukutana humo na majina mengi ya waalimu, makarani na wazee wa mji. Wanawake hutajwa kwa mistari michache, tena kwa jumla, kana kwamba walikuja mkutanoni kupiga vigelegele kisha wakarudi jikoni. Lakini chama hicho, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilipotimiza mwaka mmoja kilikuwa bado kinatafuta watu, na sehemu kubwa ya watu hao ilitoka mahali ambapo wasomi hawakupatazamia: katika vyama vya ngoma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji wa Dar es Salaam ulivuka mipaka yake ya zamani. Kariakoo ilijaa, Ilala ikajengwa, na mitaa ya Temeke, Magomeni na Kinondoni ikaenea mahali palipokuwa mashamba na minazi. Wakazi wake walikuwa Wazaramo, Warufiji, Wamanyema, Wanyamwezi na wengine wa kila upande wa nchi. Miongoni mwa wanawake walikuwamo wajane na walioachwa, waliojilisha kwa kuuza vitumbua na maandazi, au kwa pombe. Na baadhi yao walimiliki nyumba, wakapangisha vyumba. Mwanamke wa namna hii hakuwa na kabila la kumzika wala ukoo wa kumtunza karibu. Alikuwa na ngoma yake.

Ngoma haikuwa mchezo mtupu. Chama cha lelemama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, sare za kanga, michango, na wajibu wa kufika kwenye harusi na msiba wa kila mwanachama. Kilikuwa pia na wapinzani, maana ngoma bila mpinzani hupoa. Na vita yao ilipiganwa kwa mashairi, kila upande ukitunga maneno ya kuuaibisha mwingine kwa mafumbo ambayo mgeni hakuyaelewa. Fasihi hii ilikuwa na watunzi, wahakiki na wasikilizaji wake muda mrefu kabla ya vitabu vya shule kuingia mitaani. Mizizi yake ilishuka chini zaidi. Huko Uzaramo, katika vijiji ambavyo leo vimemezwa na mji, mwali aliwekwa ndani akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na matiti, huku kungwi akimfundisha kwa nyimbo mambo ya utu uzima. Marja-Liisa Swantz aliyachunguza mambo hayo huko Bunju, akatoa kitabu chake mwaka 1970. Vinyago vya mwana hiti vimepata nafasi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Nyimbo zilizokwenda navyo hazikubahatika hivyo.

Basi katika mwaka 1955 TANU ilihitaji tawi la wanawake, na aliyepewa kazi hiyo ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926, mwimbaji mkuu wa ngoma ya Bomba. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, wala hakuwa amezoea kuhutubia; sauti yake ilijulikana kwa nyimbo. Mwezi wa Julai wanawake wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa Arnautoglou, Mnazi Mmoja. Baada ya hapo Bibi Titi hakuandika barua wala kubandika matangazo. Aliwaendea viongozi wa ngoma mmoja mmoja, na kila kiongozi aliyekubali alikuja na watu wake wote, kama walivyozoea kumfuata kwenye harusi. Kwa muda wa miezi mitatu hivi wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Wakati huo watumishi wa Serikali ya Kikoloni walikuwa wamekatazwa kuingia katika vyama vya siasa. Karani aliyenunua kadi alihatarisha mshahara wake. Muuza maandazi hakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Kwa hiyo wanawake walitangulia mbele, na wengine walificha kadi za waume zao ndani ya nyumba. Udhaifu wao machoni pa Serikali ukageuka kuwa ngao.

Kutokuamini mwanamke asiyesoma si ugonjwa wa nchi moja. Bunge la Hispania lilipojadili kura ya wanawake mwaka 1931, Clara Campoamor aliitetea, na aliyempinga ni mwanamke mwenzake, Victoria Kent, kwa hofu kwamba wanawake wengi wangepiga kura kama wanavyoelekezwa na mapadri. Campoamor alishinda, na wanawake wa Hispania wakapiga kura katika uchaguzi mkuu wa Novemba 1933. Tanganyika mambo yalikwenda kinyume. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo maalumu. Wanawake wa ngoma waliokijaza chama wakabaki nje ya kituo, wakiwangoja wenye shahada watoke.

Baada ya Uhuru ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, mwaka 1962, Bibi Titi akiwa Rais wake. Alikuwa pia Mbunge na Waziri Mdogo, hata aliposhindwa Rufiji katika uchaguzi wa 1965. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, naye akajiuzulu katika Kamati Kuu. Wengi waliona ni tamaa ya mali. Hukumu hiyo ni nyepesi mno: kwa mwanamke wa mjini nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa kinga yake dhidi ya talaka na uzee. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa hadharani.

Susan Geiger alianza kumsikiliza mwaka 1984, pamoja na wanawake wengine wa TANU, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Hoja yake ni kwamba wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na chama. Waliuleta chamani kutoka kwenye ngoma, ambako Mmanyema na Mzaramo walikuwa wamekwisha kuvaa kanga moja na kuzikana. Ni vigumu kumpinga. Hata hivyo alichokusanya zaidi ni habari za maisha, na mashairi ya mashindano yenyewe yaliandikwa machache sana, kwani waliyoyaona kuwa fasihi hawakujua kalamu, na wenye kalamu hawakuyaona kuwa fasihi.

Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara ipitayo kando ya Mnazi Mmoja, karibu na ule ukumbi wa mkutano wa kwanza, inaitwa kwa jina lake. Bomba haina barabara.