Nani Alipie Usafi? Historia Fupi ya Ukaguzi wa Meli za Kitalii

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maradhi ya kuhara na kutapika yalizuka mara kwa mara katika meli za kitalii zilizofika bandari za Marekani. Mwaka 1975, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa (CDC) kilianzisha mpango wa kukagua usafi wa meli hizo: maji ya kunywa, jiko na uhifadhi wa vyakula.

Hata hivyo, mwaka 1986 mpango huo ulisitishwa. Malalamiko yalifuata, Bunge likaingilia kati, na ukaguzi ukarejea mwaka 1987. Tangu 1988 wenye meli hulipia ukaguzi kulingana na ukubwa wa chombo. Je, anayelipa atakaguliwa kwa haki? Swali hili ni la msingi. Kwa maoni yangu, jibu limo katika uwazi: leo wakaguzi huingia bila taarifa, meli inayopata alama 85 au pungufu kati ya 100 imefeli, na matokeo hutangazwa kwa umma.

Adui mkubwa sasa ni kirusi cha noro, ambacho vitakasa mikono vya alkoholi havikiwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo kinga, na mpishi aliyeugua hukaa kando angalau saa 48 baada ya dalili kuisha.

Kwa hiyo, historia hii inaonyesha kwamba sabuni bila usimamizi haitoshi. Usafi wa wengi huhitaji sheria, fedha na ukweli uliowekwa wazi.