City Water: mkataba wa maji ya Dar es Salaam uliodumu miezi 22

Tarehe 1 Juni 2005 serikali ilitwaa ofisi na shughuli za kampuni ya City Water jijini Dar es Salaam na kuzikabidhi kwa shirika jipya la umma, DAWASCO. Siku hiyohiyo mameneja watatu wa kigeni wa kampuni hiyo waliondoshwa nchini. Mkataba wa miaka 10, ulioanza kazi Agosti 2003, ulikuwa umedumu miezi 22.

Kwa wengi habari yenyewe ni hiyo: mwekezaji alishindwa kazi, akatimuliwa. Lakini ukiifuatilia tangu mwanzo wake, kuna jambo jingine linalojitokeza. Katika kila hatua ya mkataba huo, kuanzia masharti ya mkopo hadi hukumu ya mwisho, mtu aliyekuwa na ndoo mkononi hakuwa na mahali pa kusema neno.

Mitambo michache, jiji kubwa

Dar es Salaam hunywa zaidi maji ya mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959 na kuyasukuma maji hadi matangi ya Kimara. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulikamilika mwaka 1976 kwa msaada wa Kanada. Baada ya hapo jiji liliendelea kupanuka pasipo mtambo mwingine mkubwa wa kulifuata. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5, ilhali kaya zenye bomba rasmi hazikufika laki moja.

Uendeshaji ulikuwa mikononi mwa serikali. NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Mwaka 1997 majukumu yake yaliunganishwa na yale ya idara ya majitaka ya jiji, ikazaliwa DAWASA. Mamlaka hiyo ilirithi mabomba yaliyochakaa, daftari la wateja lisiloaminika na wizi wa maji kandokando ya mabomba makuu. Zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa yalipotea kabla ya kulipiwa.

Kwa hiyo biashara binafsi ya maji haikuletwa na City Water. Ilikwishakuwapo mitaani: wasukuma mikokoteni wenye madumu ya lita 20, wenye maboza, wenye visima, na jirani mwenye bomba aliyewauzia wenzake. Aliyenunua kwa ndoo aliilipia lita moja bei kubwa kuliko mwenye mita ndani ya nyumba. Ubinafsishaji uliojadiliwa ulihusu bomba. Walio wengi walikuwa nje ya bomba hilo.

Sharti la mkopo

Wazo la kumpa mwendeshaji binafsi maji ya Dar es Salaam lilianza kushughulikiwa tangu 1997, enzi za Rais Benjamin Mkapa, wakati mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine. Serikali ilihitaji fedha za kukarabati mfumo. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikubali kukopesha zaidi ya dola milioni 140. Sharti mojawapo lilikuwa kumpata mwendeshaji binafsi.

Wakati huohuo wananchi walikuwa wakihubiriwa uzuri wa ubinafsishaji kwa jumla. Uingereza iligharimia kampeni hiyo kupitia kampuni ya ushauri ya Adam Smith International, na sehemu ya kampeni ilikuwa wimbo wa Kapteni John Komba. Ngoma ilifika mitaani. Mkataba wenyewe haukufika.

Zabuni ilichukua miaka, na mwishowe mwombaji mmoja tu ndiye aliyewasilisha bei: Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani. Wageni hao walichukua asilimia 51 ya City Water, na kampuni ya Kitanzania, Superdoll, ikachukua 49. Mkataba ulitiwa saini Februari 2003.

Mali haikuuzwa. Mitambo na mabomba vilibaki kuwa vya DAWASA. City Water ilikodishwa uendeshaji: itengeneze, isome mita, itoze bili, ilipe kodi ya ukodishaji kila mwezi na kuipa DAWASA fungu lake la makusanyo. Faida ingepatikana kwa kukusanya zaidi kuliko waliotangulia.

Hesabu zilikataa mapema. Kampuni ilikusanya pungufu ya ilivyotabiri, na kuanzia katikati ya 2004 iliacha kulipa kodi yote iliyodaiwa. Ikaomba masharti yabadilishwe. Mazungumzo ya mwanzoni mwa 2005 yalivunjika. Mei 13, Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, Edward Lowassa, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba mkataba umekwisha. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, na uamuzi huo ulishangiliwa.

Kesi mbili

City Water na wamiliki wake wa kigeni walifungua kesi nje ya mahakama za nchi. Katika usuluhishi kati ya City Water na DAWASA, wasuluhishi waliamua mwishoni mwa 2007 kwamba kampuni ndiyo iliyovunja mkataba, na DAWASA ikapewa fidia ya karibu pauni milioni 3.

Kesi ya pili ilikwenda ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Biwater Gauff, kampuni ya pamoja ya wamiliki hao wa kigeni, ilidai kuwa Tanzania imekiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji. Hukumu ya Julai 2008 ilizikosoa pande zote mbili. Serikali ilikosea kwa namna ilivyoiondoa kampuni: matamko ya hadharani wakati taratibu za mkataba hazijaisha, kuondoa msamaha wa kodi ya VAT, kutwaa ofisi na kuwafukuza mameneja. Hata hivyo wawekezaji hawakupata hata senti, kwa kuwa biashara yao ilikuwa imekwishaporomoka kutokana na zabuni mbovu na uendeshaji mbaya. Kisichokuwa na thamani hakilipiwi fidia.

Ndani ya kesi hiyo kuna tukio dogo ambalo halikuvuma. Asasi tano, zikiwamo LEAT ya wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP, mtandao wa jinsia, ziliomba kusikilizwa kwa niaba ya maslahi ya umma. Zilikubaliwa kuwasilisha maoni kwa maandishi. Ziliomba pia kuziona nyaraka na kuhudhuria vikao. Zikakataliwa. Maji ya jiji zima yalikuwa yakijadiliwa, na wakazi wake waliachiwa kuandika barua wasiyojua inajibu nini.

Baada ya City Water

DAWASCO iliendesha huduma hadi 2018, ilipounganishwa tena na DAWASA. Kilichoongeza maji ni uwekezaji katika mitambo: Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi 270 kwa siku kwa fedha za Marekani, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196 kwa mkopo wa India. Bado Ruvu ilipopungua mwaka 2022, jiji lenye zaidi ya watu milioni 5 lilirudi kwenye mgao, na wenye maboza wakarudi kupigiwa simu. Umiliki wa umma hauleti mvua wala hauzibi mabomba yanayovuja.

Badiliko jingine limepata sifa ndogo kuliko linavyostahili. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, aliwekwa kwenye sheria mwaka 2001, lakini alianza kazi 2006, City Water ikiwa imeshaondoka. Mkataba ule ulitiwa saini, ukatekelezwa na kuvunjwa bila mdhibiti huru kati ya mwenye mali na mwendeshaji aliyeikodi. Leo mamlaka ya maji ikitaka kupandisha bei, EWURA hufanya taftishi: huitisha mkutano wa hadhara, na mteja anaweza kusimama na kuuliza kwa nini alipie maji yanayotoka mara mbili kwa wiki. Utaratibu huo ungepaswa kuanzia kwenye mikataba na mikopo, kabla bei haijafikiriwa. Zikija tena hoja za ubia na sekta binafsi katika maji, swali la kwanza lisiwe kama mwendeshaji ni wa serikali au wa kampuni. Liwe ni nani ameusoma mkataba.