Infomatiki huku Kivu: masomo ya kutunza majina ya watu

Ninyi mlioko mjini na ninyi mlio mbali na nyumba zenu, wengi wenu mmewahi kushika jetoni mkononi mkingoja jina lisomwe. Likisomwa, unapata unga na mafuta. Lisiposomwa, unarudi mikono mitupu, hata kama ulihesabiwa. Leo tunasimulia historia ya masomo yanayogusa jambo hilo hilo: namna ya kutunza habari za watu zisipotee. Katika vyuo vyetu yanaitwa Informatique de Gestion. Wanafunzi wenyewe husema tu infomatiki.

Neno hilo si la zamani sana. Philippe Dreyfus alilitunga Ufaransa mwaka wa 1962, akiunganisha neno la habari na neno la kitu kinachojiendesha. Wakati huo Congo ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Chuo kikuu cha Lovanium kilikuwa Léopoldville tangu 1954, kingine kilikuwa Elisabethville, na mwaka wa 1963 cha tatu kikafunguliwa kule ambako leo tunaita Kisangani. Mwaka wa 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyote vitatu vikawa UNAZA, na mwaka wa 1981 vikatenganishwa tena. Bukavu ilikuwa na ISP ya kuandaa walimu, lakini chuo kikuu kamili hapakuwa. Kijana wa Masisi, Beni ao Walungu aliyetaka chuo kikuu ilimpasa aende mbali sana. Kama mzazi hakuwa na pesa ya safari, mtoto alibaki nyumbani.

Mambo yalianza kubadilika kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka wa 1985 ULPGL ilizaliwa Goma. Mwaka wa 1989 Wakatoliki walifungua chuo kikuu Bukavu, na kingine, Graben, kule Butembo. Mwaka wa 1993 tawi la chuo kikuu cha Kisangani lilianza Goma, na leo ndilo UNIGOM. Pembeni yao vikaota vyuo vidogo vingi, kama ISIG ya Goma, ambayo infomatiki imo ndani ya jina lake.

Kwa nini vyuo vidogo vilipenda masomo haya? Sababu ya kwanza ni gharama. Udaktari unadai hospitali, na uhandisi unadai maabara. Infomatiki ya jestioni inaweza kuanza na ubao, chaki na mashine chache. Wengi waliopita huko walijifunza kuandika programu kwenye karatasi kwanza, kisha wakapanga zamu mbele ya kompyuta, kama umeme upo. Umeme ukikatika, somo lilirudi ubaoni. Sababu ya pili ni kazi. Mwaka wa 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu waliingia Goma kutoka Rwanda, na mashirika ya msaada yakaja nyuma yao. Miaka ya 2000 makampuni ya simu yakafika pia. Wote walihitaji mtu anayejua kuandika watu, kuhesabu, na kutafuta jina moja kati ya maelfu.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Vyuo vyetu vingi hufundisha njia iitwayo Merise, iliyobuniwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya kugusa mashine, mwanafunzi anachora kwenye karatasi: tunatunza vitu gani, na kila kitu kinahusiana namna gani na kingine. Mfano wa kwetu ni huu. Kwa Wanande, Kambale ni jina la mtoto wa pili wa kiume. Basi katika shule moja ya Butembo unaweza kukuta Kambale wengi sana. Ukitunza orodha kwa jina tu, Kambale mmoja atakula haki ya mwingine. Ndiyo maana kila mtu anapewa namba yake isiyofanana na ya mwingine yeyote, kisha familia inapewa yake, na mtoto anafungwa kwenye familia yake. Kosa la herufi moja halitamfuta tena. Aliyeelewa hapo ameelewa nusu ya masomo.

Tena wanafunzi hufundishwa kuweka nakala mahali zaidi ya pamoja. Somo hilo Goma imelilipia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka, ikapita katikati ya mji, ikafunika nyumba, maduka na shule. Karatasi iliyokuwa ndani iliungua na nyumba. Kisha Januari 2025 vita vilifika ndani ya Goma, na Februari vikafika Bukavu. Wanafunzi walikimbia pamoja na familia zao. Mwingine aliacha kompyuta, mwingine aliacha diploma ya Serikali, mwingine TFC yake ambayo ilibaki kidogo aitetee.

Mabadiliko ya masomo yanaongeza ugumu. Zamani ulisoma miaka mitatu ya graduat, halafu miwili ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeingia mfumo wa LMD: licence ya miaka mitatu, kisha master ya miwili. Aliyekatishwa na vita anapotaka kuendelea kwingine anaulizwa: alama zako ziko wapi? Bila karatasi, miaka yake inaweza kuhesabiwa sifuri.

Kwa hiyo, wazazi na vijana, tuanze na kilicho mikononi mwetu. Piga picha ya diploma, ya alama za kila mwaka na ya risiti za minervali. Zitume kwenye barua pepe yako, na nyingine umtumie ndugu aliye mji mwingine. Andika namba yako ya mwanafunzi kwenye daftari usilouacha nyuma. Na wewe uliyesoma infomatiki ukajikuta kambini ao kwa familia iliyokupokea, usiseme masomo yako yamekufa. Pale wanapoandika majina ya watu, sogea, omba kusaidia. Unajua kwa nini mama fulani hakusikia jina lake, na unajua namna ya kulirudisha kwenye orodha.