Wakili

Litamke neno wakili mjini Nakuru leo, na wengi watamfikiria mwanasheria mwenye joho jeusi. Ilhali katika Biblia ya Kiswahili, sura ya 16 ya Injili ya Luka, wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, ambaye siku moja huitwa atoe hesabu. Maana hii, iliyotufikia kutoka Kiarabu pamoja na neno lenyewe, ndiyo iwafaayo Wakristo wanapozungumzia ardhi na hayawani, kuliko usimamizi, neno la ofisini lisilomkumbusha mtu kwamba mwenye mali yupo.

Mtazame punda wa Naivasha avutaye mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji, ambaye begani, pale kamba inapomsugua kutwa, ana kidonda kibichi kisichobandukwa na nzi. Mji huo ulikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezewa dawa, hata Serikali ikaipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitangua amri (kwa hoja, bila shaka, za mawakili wa ile maana ya kwanza).

Simlaumu sana mchuuzi wa maji, ambaye karo ya wanawe hutoka mgongoni mwa mnyama huyo. Lakini hesabu yake, endapo ataitwa kuitoa, naona itaanzia kwenye kitambaa kikuukuu ambacho angeweza kukizungusha juu ya ile kamba.