Mipaka ya maeneobunge: Hesabu ya 290 na ugomvi wake

MVUTANO kuhusu mipaka ya maeneobunge nchini Kenya huanzia kwenye hesabu moja. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kimeweka idadi ya maeneobunge kuwa 290, wala tume haina uwezo wa kuongeza hata moja. Sehemu moja ikipata kiti kipya, sharti nyingine ipoteze.

Idadi ya wananchi hugawanywa kwa 290 ili kupata wastani. Kwa sensa ya 2009 wastani ulikuwa watu 133,138. Kwa ile ya 2019, watu 164,015. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) inaruhusiwa kuzidi au kupungukiwa na wastani huo kwa asilimia 40 katika majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Aidha, huzingatia hali ya ardhi, njia za mawasiliano na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni wa wakazi. Hapo ndipo ubishi hupata mlango, kwani kila jamii ina historia yake ya kusimulia.

Katika sensa ya 2009, Embakasi jijini Nairobi ilikuwa na watu 925,775, ilhali Lamu Mashariki ilikuwa na 18,841. Kila moja ilikuwa na mbunge mmoja. Mnamo 2012 Embakasi iligawanywa mara tano. Lamu Mashariki, yenye wakazi wa visiwa kama Pate na Kiwayu, ilinusurika kwa sababu Katiba ilikataza ukaguzi wa kwanza kufuta eneobunge lililokuwapo. Maeneobunge 27 yaliokolewa kwa njia hiyo. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja tu.

Kinachogombewa si kiti pekee. Tangu 2003 kila eneobunge hupata mgao wa fedha za maendeleo, zinazojenga madarasa na kulipia karo wanafunzi maskini. Eneobunge likifutwa, mfuko huo nao huondoka.

Asiyeridhika na mipaka iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo hutakiwa kuamua katika miezi mitatu.

Ukaguzi hufanywa kila baada ya miaka minane hadi 12. Kwa kuwa mipaka ya sasa ilichapishwa Machi 2012, muda uliisha Machi 2024, wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa ombi la tume kuhusu muda uliopita. Mipaka ikikamilishwa chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitumiki katika uchaguzi huo. Na uchaguzi ujao ni wa Agosti 2027.