Cheo au madaraka? Urithi wa urais wa Marekani tangu 1841

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, husifiwa kwa ufupi wake. Ufupi huo ulileta taabu miaka 54 baadaye, alipofariki kwa mara ya kwanza Rais aliyekuwa madarakani.

William Henry Harrison aliapishwa tarehe 4 Machi 1841, akiwa na umri wa miaka 68. Tarehe 4 Aprili alifariki. Makamu wake, John Tyler, alikuwa nyumbani kwake Williamsburg, katika jimbo la Virginia. Habari zilimfikia alfajiri ya siku iliyofuata, naye akafunga safari ya Washington bila kukawia. Je, alikuwa sasa Rais, au Makamu tu anayeshika kazi za Rais kwa muda?

Ibara ya pili ya katiba ilisema kwamba Rais akiondolewa, akifa, akijiuzulu, au akishindwa kutekeleza madaraka na kazi za cheo chake, basi Makamu ndiye atakayerithi. Kurithi nini? Kiingereza kiliwaruhusu waandishi kutumia neno moja lisiloonyesha ni kipi hasa kinachorithiwa. Kiswahili, chenye ngeli, kisingewavumilia: mfasiri hana budi kuandika ama kitamwangukia, yaani cheo chenyewe, ama yatamwangukia, yaani madaraka peke yake. Ugomvi wote wa mwaka 1841 ungeweza kuingia katika kiambishi kimoja.

Wanahistoria wengi huona kwamba waandishi walikusudia maana ya pili. Hata rekebisho la 12, la mwaka 1804, lilimtaja Makamu, pindi Rais afapo, kuwa mtu atendaye kazi kama Rais. Kwa maandishi, basi, hoja ya Tyler ilikuwa dhaifu.

Yeye hakuwangoja wanasheria. Tarehe 6 Aprili, katika hoteli moja ya Washington, alikula kiapo cha Rais mbele ya jaji William Cranch. Alidai kwamba kiapo chake cha umakamu kilitosha, na kwamba hicho cha pili kilikuwa cha kuondoa shaka tu. Lakini mtu asiye na shaka haapi mara mbili. John Quincy Adams, Rais wa zamani aliyekuwa wakati huo mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, alilalamika katika shajara yake. Hata hivyo, tarehe 1 Juni, Seneti ilikataa kwa kura 38 dhidi ya 8 pendekezo la kuendelea kumwita Makamu. Wapinzani wakabaki kumdhihaki kwa jina la «Mheshimiwa Ajali».

Mwezi Septemba, baada ya Tyler kuikataa mara mbili miswada ya benki ya taifa, mawaziri wote walijiuzulu isipokuwa Daniel Webster, na chama chake cha Whig kikamfukuza. Cheo hakikumtoka. Kaimu wa muda asingaliweza kustahimili dhoruba ya namna hiyo, na hapo ndipo penye uzito wa uamuzi wake. Millard Fillmore alimfuata mwaka 1850, na Andrew Johnson mwaka 1865, pasipo mabishano makubwa.

Lakini dawa iliyotibu kifo ilizidisha tatizo la ugonjwa. Ikiwa cheo chenyewe humhamia Makamu, Rais aliyepona atakirudishaje? James Garfield, aliyepigwa risasi tarehe 2 Julai 1881, alilala kitandani hadi alipofariki tarehe 19 Septemba. Chester Arthur hakuthubutu kushika usukani, asije akaonekana mnyang'anyi. Woodrow Wilson, aliyepooza mwezi Oktoba 1919, alibaki Rais hadi Machi 1921, ilhali kazi nyingi zikimshinda.

Rekebisho la 25, lililothibitishwa tarehe 10 Februari 1967, ndilo lililotenganisha mambo hayo mawili. Rais akifa, akijiuzulu au akiondolewa, Makamu huwa Rais kamili. Akiugua, Makamu huwa kaimu, na mgonjwa huweza kurudi. Tarehe 19 Novemba 2021, Joe Biden alipotiwa dawa ya usingizi hospitalini, Kamala Harris alishika madaraka ya urais kwa dakika 85, kisha yakamrudia mwenyewe.