Udongo wa Majivu ya Volkeno katika Misitu ya Kilimanjaro

Udongo wa majivu ya volkeno, ambao wataalamu wa ardhi huuita andosoli, ni udongo mweusi au wa kahawia iliyokoza, mwepesi, wenye mboji nyingi na wenye kushika maji kuliko aghalabu ya aina nyingine za udongo. Duniani kote haufiki hata asilimia moja ya nchi kavu. Lakini katika Afrika Mashariki umejikusanya juu ya milima ile ile ambayo ndiyo asili ya mito yetu, yaani Kilimanjaro, Meru, Rungwe, Mlima Kenya, na safu ya Virunga iliyo mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Makala hii yaeleza sifa zake kwa kuufuata mfano wa Kilimanjaro, ambako msitu na udongo vimeshirikiana kwa dahari nyingi hata haiwezekani kulieleza jambo la kimoja pasipo kukitaja cha pili.

Asili

Majivu ya volkeno si majivu ya kuni. Ni chembe za mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa ardhini, yakarushwa angani na kupoa ghafula kabla madini yake hayajapata wasaa wa kujipanga, hata sehemu kubwa ya chembe hizo ikawa ni kioo. Kwa kuwa kioo hicho hakina mpango imara ndani yake, maji ya mvua hukivunja upesi kuliko yavunjavyo jiwe la kawaida, na katika kuvunjika huko aluminiamu, chuma na silika huachiliwa kwa wingi. Mahali penye mvua haba silika hubaki, na madini yanayozaliwa ni ya mfinyanzi. Bali penye mvua nyingi, kama ubavu wa kusini wa Kilimanjaro, sehemu ya silika huchukuliwa na maji, na kile kilichosalia huungana kuwa alofeni, imogoliti na ferihidriti.

Alofeni ni vitufe vyenye uwazi ndani, na upana wa kila kimoja ni kiasi cha nanomita 4 au 5. Imogoliti, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu wa Japani mwaka 1962, ni mirija iliyo myembamba zaidi, yenye upana wa nanomita 2 tu. Kwa sababu ya udogo huo, gramu moja ya alofeni ina nyuso ambazo, lau zingetandazwa, zingefunika zaidi ya mita za mraba 700. Takriban kila sifa ya udongo huu, njema au nzito, ni matokeo ya wingi wa nyuso hizo, kwani ni juu yake maji, mboji na mbolea hushikwa. Aidha, palipo na asidi nyingi na majani mengi yanayooza, aluminiamu huungana na mboji yenyewe moja kwa moja, na mboji iliyofungwa hivyo haiozi upesi. Hiyo ndiyo sababu ya weusi wa tabaka la juu.

Sura na mguso

Msitu wa Kilimanjaro waanzia kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari na kupanda hata kupita mita 3,000. Mtu akichimba shimo chini ya miti ya mikulo ya ubavu wa kusini, atakuta kwanza zulia la majani na mizizi midogo iliyosukana. Kisha tabaka jeusi, laini, ambalo kadiri apandavyo mlimani ndivyo linavyozidi unene. Na chini yake udongo wa kahawia au wa manjano. Pengine hukuta tena, kwa kina zaidi, tabaka jeusi la pili, ambalo ni ardhi ya zama zilizopita iliyofukiwa na majivu au maporomoko ya baadaye.

Wepesi wake ni dhahiri mkononi. Sentimita moja ya ujazo ya udongo huu ukiwa mkavu haizidi aghalabu uzito wa gramu 0.9, ilhali udongo wa mashamba mengine hufika gramu 1.2 hata 1.5, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu za hewa na maji. Ukilichukua donge lake bichi ukalisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, kwanza laonekana kuwa gumu kiasi. Ukiendelea kulibana, mara lalegea, lateleza kama lililopakwa mafuta, na maji yatoka ambayo hayakuonekana hapo kabla. Nawe ukiacha, lashikana tena. Wapimaji wa ardhi wana jaribio jingine: huweka udongo kidogo juu ya karatasi iliyotiwa fenolfthaleini, wakaudondoshea maji ya floridi ya sodiamu, na karatasi ikigeuka nyekundu upesi, hiyo ni dalili ya alofeni.

Maji

Mvua ya ubavu wa kusini huwa nyingi kupita kote karibu na kimo cha mita 2,200, nayo huikuta ardhi iliyo tayari kuipokea. Maji huzama badala ya kutiririka juu ya ardhi, hushikwa katika matundu yasiyohesabika, kisha huachiliwa kidogo kidogo hata miezi ya kiangazi. Watu wengi hudhani kwamba mito ya Kilimanjaro yalishwa na theluji ya kilele cha Kibo. Kwa hakika sehemu iliyo kubwa mno ya maji hayo yatoka katika ukanda wa msitu. Kwa maji hayo Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji, ya kunyweshea vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, tangu kabla ya utawala wa wageni, na kwa maji hayo hayo mto Pangani hujazwa, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ukaenda kumwagika baharini penye mji wa pwani uitwao kwa jina lake.

Rutuba na upungufu wake

Mwenye kuuona weusi wa udongo huu hudhani kuwa hauna kasoro. Naam, una mboji tele, mizizi hupenya bila taabu, na hewa haipungui. Lakini nyuso zile zile zinazoshika maji huishika pia fosforasi kwa nguvu nyingi: katika kipimo cha maabara, udongo wenye sifa kamili za aina hii hunasa asilimia 85 au zaidi ya fosfeti inayotiwa, na mmea ukabaki na njaa juu ya hazina iliyofungwa. Kwa hiyo mbolea ya fosfeti haifai kutawanywa shamba zima; yafaa iwekwe karibu na shina, nayo samadi na majani yaliyooza yaongezwe, kwani asidi za mboji hushindana na fosfeti katika kushika nafasi juu ya chembe za udongo.

Katika vihamba, vilivyo chini ya msitu na penye joto zaidi, udongo umezeeka, na sehemu kubwa ya alofeni imekwisha kugeuka mfinyanzi. Hata hivyo desturi ya Wachaga ya kupanda migomba, kahawa na miti pamoja, kufuga ng'ombe nyumbani, na kurudisha samadi na majani ya migomba shambani, yafuata kanuni ile ile ya msitu: ardhi isiachwe wazi, wala kilichotoka kwake kisipotee.

Hatari na hifadhi

Udongo huu wastahimili mvua kubwa maadamu umefunikwa, bali una udhaifu mmoja ambao hauna dawa. Ukikatwa msitu na jua likaukausha barabara, vitufe vya alofeni hushikamana kuwa punje ngumu kama mchanga, na hata ukinyweshewa tena hauirudii hali yake ya kwanza. Udongo mwingine ukikauka hungoja mvua. Huu hupoteza uwezo wenyewe wa kuipokea. Na palipo na mteremko mkali, matabaka yake yaliyolowa mno huweza kuteleza, hasa barabara inapoukata mlima au mizizi mikubwa inapokuwa imeondolewa.

Moto ni adui wa namna hiyo hiyo. Mioto ya mara kwa mara katika ukanda wa miti ya mierika, tangu miaka ya 1970, imeushusha mpaka wa juu wa msitu, na pamoja na miti ikapotea ile neema ya ukungu ambao majani huukamata na kuudondosha ardhini. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, nao ukanda wa msitu ukaingizwa ndani yake mwaka 2005. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa hakuna bwawa liwezalo kujengwa kwa mikono likatenda kazi ya udongo huu kwa ukamilifu. Kwa sababu hiyo, thamani ya msitu wa mlima isikadiriwe kwa mbao zake peke yake: mti uliokatwa huweza kupandwa tena, lakini udongo uliokauka chini yake haupandwi.